Swali la Tatu

Kaka yangu Venant ni fundi wa mbao. Ukipita Nyawera upande wa nyuma ya soko, ukasikia randa inakwaruza ndani ya kibanda cha mabati, ni yeye. Anatengeneza milango, anatengeneza viti vya shule wakati masista wanamuita, lakini watu wanamujua kwa vitanda, na zaidi vitanda vya maarusi. Ana miaka hamsini na nane na vidole tisa, kile cha kumi kilibaki kwa mashini ya mutu mwingine alipokuwa angali kijana. Mimi ni dada yake mudogo, naitwa Nsimire. Nauza sambaza, samaki wadogo wa Kivu, sokoni tangu sijaolewa, na kama kuna mutu ana haki ya kumusema Venant vibaya, ni mimi. Nimemufulia nguo, nimemubebea chakula hospitali, nimenuniana naye miezi saba mizima. Kwa hiyo munisikilize.

Kazi yake nyingine haikuwa na mushahara. Venant alikuwa musemaji. Kwetu Bukavu, siku ya dote, siku ya kutoa mahari, wazazi hawafungui mudomo. Watu wa kijana wanakuja na ng'ombe wao, na mbuzi, na vitenge, na mitungi ya pombe ya kasiksi, wanakaa upande mumoja. Sisi tunakaa upande mwingine. Na kila upande una mutu wake wa kusema. Wasemaji wawili wanasalimiana, wanadanganyana kidogo, wanatupiana maneno ya kuchekesha mpaka watu wanasahau njaa. Kisha musichana anaitwa kutoka ndani ya nyumba alikofichwa, na musemaji wa upande wake anamuuliza mbele ya wote: mutoto wetu, hawa wageni unawajua? Vitu vyao tupokee, ao turudishe?

Anauliza mara tatu. Hilo wote wanalijua. Mara ya kwanza na ya pili ni ya kuchezea: musichana anainamisha kichwa, ananyamaza, watu wanacheka, kijana anatoka jasho. Ya tatu ndiyo swali lenyewe. Hapo musichana anajibu kwa mudomo wake, na hapo tu ndipo wanawake wanapiga vigelegele. Hata mimi siku yangu nilinyamaza mara mbili. Marehemu bwana yangu alikunywa maji glasi mbili nzima, na mupaka anakufa hakunisamehe hiyo.

Venant alikuwa na sauti ya hiyo kazi. Si sauti kubwa, hapana, ni sauti ambayo mutu akiisikia anavuta kiti karibu. Walikuwa wanatoka Walungu, wanatoka Minova, kuja kumuomba aje kuwasemea. Yeye anatikisa vumbi la mbao kwenye suruali, anavaa koti lake la kahawia, moja tu, anaenda. Alikuwa na majivuno, nisimufiche. Alikuwa anapenda kusikia jina lake likitajwa barabarani. Nani asiyependa?

Sasa nitawaambia juu ya Fabiola.

Fabiola ni binti wa Papa Philémon, jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwa Venant. Nilimujua angali na kamasi puani. Alipokuwa mukubwa, anasomea uuguzi, alikuwa anapita kwenye meza yangu jioni akitoka masomo, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananisaidia kufukuza nzi juu ya sambaza na kunihadithia mambo ya shule. Musichana wa maneno machache, mwenye kucheka taratibu. Alikuwa amebakiza mwaka mumoja amalize.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hapo ndipo shida ilianzia. Kwetu musichana akipita umri fulani bila kuolewa, watu wanaanza kuwasalimia wazazi wake kwa sauti ya chini, kama vile nyumbani kuna mugonjwa. Wenzake wa korali ya kanisa wote walikuwa wamekwisha kuolewa. Kila Siku ya Mungu, wakitoka misa, kulikuwa na maman wa kumuuliza Philémon: na huyu wako, bado? Philémon akawa anatoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho ili asiulizwe. Basi alipokuja Ulrich, mufanyabiashara wa Minova, mutu mwenye nyumba na adabu, Philémon alishukuru Mungu kwa machozi. Sitamusingizia Ulrich. Hakuwa mutu mubaya. Ila Fabiola alikuwa amezungumza naye mara nne tu.

Wiki moja kabla ya dote, Fabiola alikuja kukaa kwenye ndoo yake. Hakufukuza nzi. Alikaa tu, halafu akauliza kama vile anauliza bei ya chumvi:

"Maman Nsimire, musichana akisema apana siku ile, inakuwa je?"

Nilicheka. Nilimwambia awache woga, kila musichana anaogopa. Nikamwambia pia kwamba siku ile kuna maswali matatu, mawili ni ya mchezo wa watu, lakini la tatu ni lako peke yako, hakuna mwenye kulijibu kwa nafasi yako. Ungojee la tatu, nilimwambia. Nilisema hivyo kwa mudomo wangu huu.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi, na anga ilianza kununa tangu saa sita. Parsele ya Philémon, nyumba na uwanja wake, ilijaa mpaka watu wakasimama barabarani. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mulango wa nje. Venant alisema vizuri siku ile, musemaji wa Minova alijaribu kumushinda akashindwa, watu walicheka mpaka wazee wakafuta macho. Fabiola akaletwa, amevaa kitenge cha bluu, akasimama kwenye mukeka. Venant akamuuliza. Akanyamaza. Watu wakacheka. Akamuuliza tena. Akanyamaza. Wakacheka zaidi. Matone yakaanza kupiga kwenye turubai la shitingi juu ya vichwa vyetu, watu wakaanza kusogeza viti, na Venant alipofungua kinywa kwa mara ya tatu, vigelegele vililipuka upande wa wanawake. Mumoja alianza, wote wakafuata. Huwezi kuzuia vigelegele vikisha kuanza.

Venant alifunga kinywa. Alisimama kidogo na mikro mukononi. Halafu, maana yeye ni musemaji na musemaji hakosi neno, akasema:

"Musichana aliyelelewa vizuri anajibu na macho. Mutoto wetu ametujibu. Tupokee."

Ee, watu walipiga makofi. Vitu vikapokelewa. Mvua ikanyesha, tukala bugali na nyama tukiwa tumebanana chini ya shitingi, na kila mutu akasema dote ya Philémon ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Kijana mumoja alikuwa amechukua video. Akaiweka kwenye simu, ikatembea. Fabiola amesimama, hakuinamisha kichwa kama wengine. Kichwa kiko juu, macho yamegeukia upande mumoja, yametulia pale. Watu wakasema: mutazame, anatafuta bwana wake kwa macho. Na sauti ya Venant nyuma: anajibu na macho. Ile video ilifika Goma, ilifika Uvira, ilifika kwa watoto wetu walio Ubelgiji. Venant akawa mutu mukubwa. Hata padri aliuliza habari zake.

Na sasa muone kazi ya watu. Mwaka uliofuata, wasichana walianza kunyamaza mara zote tatu, kwa kutaka. Kujibu kwa mudomo ikawa mambo ya kizamani, mambo ya wasichana wasio na haya. Walikuwa wanafanya mazoezi mbele ya kioo, jinsi ya kuinua uso, jinsi ya kugeuza macho. Wapiga picha walikuwa wanangoja ile dakika. Musemaji akiuliza mara ya tatu akangoja jibu, vijana wanaguna. Mapendo ya kweli, walisema, hayahitaji kusemwa. Binti yangu Aimée alikuwa angali wa sekondari wakati ule, na ile video alikuwa ameiweka kwenye simu yake pamoja na picha za Bikira Maria. Nilimukuta anaitazama zaidi ya mara moja, analia. Kwa uzuri, alisema. Analia kwa uzuri.

Ikapita miaka mine. Siku moja saa saba mchana nilikuwa nimemupelekea Venant chakula kazini. Nilikuwa nafungua sahani, Fabiola akaingia na mutoto mugongoni. Alikuwa amekonda, si kukonda kwa njaa. Alikuwa ameacha nyumba ya Ulrich. Hakusema alipigwa, hakusema alitukanwa. Alisema miaka mine aliamka kila asubuhi katika nyumba ya mutu mwingine. Alikuwa amekwenda kwanza kwa baba yake, na Philémon alikataa kumupokea. Watu mia mbili walikuona ukikubali, alimwambia. Akamuonyesha video.

Hakuja kugombana. Alisimama kati ya mbao, akasema:

"Papa Venant, siku ile sikujibu na macho. Nilikuwa nangojea swali la tatu."

Venant alikuwa na kipande cha karatasi ya msasa mukononi. Alikiweka chini. Akavua kofia yake, mutu wa miaka yake mbele ya mutoto wa jirani, akapiga magoti katika vumbi la mbao na kumuomba musamaha. Hakueleza kitu. Hakusema mvua, hakusema watu, hakusema wanawake. Hakunigeukia hata kidogo. Mimi nilikuwa nafungua sahani, nikaendelea kufungua sahani.

Fabiola alisema aksanti. Alimuinua kwa mukono, akaenda Walungu kwa bibi yake, na mupaka leo yuko kule.

Tangu siku ile Venant alikataa kuwa musemaji. Wakaja watu wa maana, wakaja hata na gari, akakataa. Wakamutukana, wakasema amelewa sifa, wengine wakasema ameingia kanisa fulani la kukataza furaha. Yeye anapiga randa. Alianza pia tabia moja ya kuudhi: kijana akija kuagiza kitanda cha arusi, anamuuliza kama musichana amesema ndiyo, na alisema kwa maneno gani. Wengine walienda kununua kitanda kwingine. Nilimugombeza sana. Nilimwambia mutu hawezi kuuza vitanda kama anahoji watu namna ya padri kwenye kitubio. Akaendelea kuwauliza.

Miaka miwili baadaye, zamu ya Aimée ikafika.

Aimée ni mutoto wangu wa pekee. Baba yake alikufa Aimée akiwa na miaka sita, na mimi nilimulea na sambaza, sabuni na fimbo kidogo. Alisoma, akapata kazi ya kuandika kwenye ofisi ya shirika moja, na pale akajuana na Bruno. Bruno ni mutoto wa Papa Constantin, watu wa kusoma, watu wa Muhungu, nyumba ya maua mbele. Unafikiri nilikuwa na ubishi? Nilifunga novena ya shukrani. Sokoni, Maman Godelive anayeuza karibu yangu, yule aliyekuwa ananichekea kila siku juu ya nguo zangu, alianza kuniita mama wa ofisi. Nilijifanya sisikii, lakini nilikuwa nasikia vizuri kabisa.

Jioni moja nilimuuliza Aimée anamupendea nini Bruno. Nilitaka tu kusikia kitu kitamu. Akanipa simu. Akanionyesha picha zao wawili, kwenye bahari ya Kivu, kwenye siku ya kuzaliwa ya rafiki, wamevaa rangi moja, na chini yake watu wameandika: munapendeza, munafanana, Mungu awajalie. Watu wengi sana. Nikarudia swali. Akarudia picha. Nilimwambia sisi tulikuwa tunapenda mutu, ninyi munapenda picha yake. Tukacheka wote wawili, nikaenda kusonga bugali. Lakini ukweli ni kwamba jibu lake lilinitosha. Mimi pia nilikuwa nahesabu maneno ya watu, ila yangu yalikuwa ya sokoni.

Nikaenda kwa Venant. Nilimwambia hawezi kukataa mutoto wa dada yake asiye na baba. Nililia, kusema kweli. Najua kulia wakati inafaa. Alipiga randa ubao mumoja mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja kwa sharti moja: atauliza mara tatu, na ya tatu atangoja jibu la mudomo. Nilikubali haraka. Nilipomwambia Aimée alikunja uso. Alikuwa amekwisha kufanya mazoezi ya macho. Mwishoni alisema sawa, atasema kineno kimoja kidogo, ilimuradi wapiga picha wapate sura yake kwanza.

Ilikuwa siku ya jua. Papa Constantin alikuja na ndugu zake wamevaa makoti, na ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe ambaye watoto wote wa barabara walimufuata. Venant alikuwa amevaa lile koti la kahawia. Alisema kidogo kuliko zamani, hakuchekesha sana, lakini sauti ilikuwa ile ile, na nilimusikia mumoja wa wageni akisema huyu ndiye, huyu ndiye wa macho. Aimée akatoka. Wee, nilizaa mutoto muzuri. Akasimama kwenye mukeka, simu zikainuka pande zote.

Venant akauliza. Aimée aligeuza uso kidogo, vile vile kama alivyojifunza. Watu wakacheka, simu zikapiga. Akauliza mara ya pili. Aimée akanyamaza tena, na tabasamu.

Hapo Venant alifanya kitu ambacho sijaona musemaji kufanya. Alizima mikro. Akavuta kiti kimoja cha mbao, akakiweka mbele ya mukeka, akakaa, uso wake chini ya uso wa Aimée. Akamwambia taratibu, ila mahali palikuwa pamenyamaza kiasi kwamba tulisikia wote:

"Aimée, hili ni la tatu. Usilijibu kwa ajili yangu wala ya maman yako. Tuna wakati. Nitangoja."

Na akangoja. Ninyi hamujui kungoja ni nini. Tabasamu ya Aimée ilibaki kidogo, halafu ikachoka, ikaondoka. Simu zikashuka, moja, moja. Ng'ombe alipiga mukia. Bruno alikuwa anaangalia viatu vyake. Papa Constantin alikohoa, akamutazama musemaji wake, na yule hakuwa na neno. Wanawake wa upande wetu walianza kunitazama, maana ni mama wa musichana anayefungua njia ya vigelegele. Maman Godelive alinigusa na kiwiko. Nilisikia kifua changu kinajaa hewa chenyewe. Ulimi ulikuwa umekwisha kuinuka.

Venant hakugeuka. Aliinua mukono tu, ule wa vidole vine.

"Nsimire," akasema. "Leo apana."

Watu hawakuelewa. Mimi nilielewa. Maana sasa niwaambie, nimewazungusha vya kutosha. Siku ya Fabiola, ni mimi niliyepiga vigelegele vya kwanza. Venant alikuwa amefungua kinywa kuuliza mara ya tatu, mimi nikamukatia, na wote wakanifuata. Alikuwa ameitambua sauti yangu, tumelala chumba kimoja tukiwa watoto, angeitambua hata katika watu elfu. Miaka sita alikuwa amebeba lile kosa peke yake, na mimi nilikuwa ninamupelekea chakula na kumugombeza juu ya vitanda.

Nilimeza ile hewa. Nikakaa chini.

Aimée alikuwa ameanza kulia, na si kwa uzuri. Alimutazama Bruno, akamutazama mujomba wake. Akasema:

"Tonton, sitaki. Bruno, unisamehe. Sitaki."

Hayo mengine muyafikirie ninyi. Papa Constantin alisimama, akasema tumesikia, neno moja tu, kwa heshima, na hilo ndilo lililonichoma zaidi kuliko matusi. Ng'ombe alirudi barabarani na wale watoto nyuma yake. Chakula cha watu mia na hamsini tulikigawa kwa majirani, ambao walikula na kutusema kwa wakati mumoja. Sokoni sikwenda siku tisa. Nilipokwenda, Maman Godelive hakunichekea. Alinisalimia kwa sauti ya chini.

Jioni ya siku ile ile nilimupigia Aimée kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimuuliza kama kuna mutu mwingine. Hakuna. Nilimuuliza kama Bruno alimukosea. Hapana. Alikuwa amekaa chini, angali na kitenge cha dote. Akasema, "Maman, wote walikuwa wananiambia tunapendana, na mimi niliamini. Tonton alipokaa kungoja, ndipo nilitafuta ndiyo ndani yangu kwa mara ya kwanza. Sikuiona. Kama hangengoja, nisingetafuta."

Basi niliuelekeza muzigo wote kwa Venant. Miezi saba sikukanyaga kwake. Nilikuwa napita barabara ya juu ili nisisikie randa. Nilisema kila mahali kwamba kaka yangu alivunja arusi ya mutoto wangu juu ya majivuno yake. Wengi walinihurumia. Bruno alioa musichana mwingine mwezi wa tano, na nasikia yule alijibu kwa mudomo, kwa sauti kubwa, kwa sababu Bruno mwenyewe ndiye aliyeomba aulizwe vizuri.

Mwezi wa saba wa kununa nilichoka. Nilipika sombe, nikafunga sahani, nikaenda. Venant alisogeza mbao nipate mahali pa kukaa, kama vile nilikuja jana. Alikula. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Fabiola kwamba ni mimi, siku ile alipopiga magoti. Alifuta vidole.

"Mikro ilikuwa mukononi mwangu, si mwako," akasema. "Ningeweza kungoja munyamaze, niulize. Sikufanya. Hilo ni langu." Kisha akaongeza: "Lakini kama na wewe uko na lako, njia ya Walungu unaijua."

Nilienda siku ya Alhamisi, siku isiyo ya soko kubwa. Fabiola alikuwa mbele ya nyumba ya bibi yake, anachagua maharagi kwenye ungo. Mutoto wake amekuwa mukubwa, alinikimbilia na kunipokea mufuko. Nilipewa kiti, nikapewa maji. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya samaki, juu ya baba yake ambaye sasa anamutumia sabuni kwa siri. Nikasema nimekuja kwa neno moja. Nikamwambia vile vigelegele vya kwanza vilikuwa vyangu. Nikaanza kueleza mvua ile, na chakula, na watu waliokuwa wanasogeza viti.

Hakushituka. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagi.

"Najua, Maman Nsimire," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Video ile nimeiona mara ngapi? Kichwa juu, macho yamegeukia upande mumoja, yametulia. Upande ule ndio nilikokuwa nimekaa, safu ya kwanza, na kitambaa cha njano kichwani. Ningeweza kumwambia kwamba sikuona. Angeniamini, ao angejifanya ananiamini, ni musichana wa adabu. Na ningerudi Bukavu na mvua yangu.

"Niliona," nikamwambia. "Niliyaona macho yako, nikaelewa utasema apana. Nikawaza baba yako, nikawaza watu. Ndiyo maana nilipiga."

Alichagua konzi nzima ya maharagi. Sikumuharakisha. Mutoto alikuja, akakaa katikati yetu, akachukua haragi moja akalitia kinywani, mama yake akalitoa.

"Na Aimée?" akauliza mwishoni. "Yeye walimungoja?"

"Walimungoja."

"Vizuri," akasema, akanisogezea ungo ili nimusaidie kuchagua.